Ua Lililosuguliwa kwa Tupa

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka ziara ya shule kwenye jumba la makumbusho, akajitupa kwenye kochi na kunipa simu yake nitazame picha. Alikuwa amepiga picha ovyo ovyo kama wafanyavyo watoto, nusu yake ni vidole vya wenzake. Katikati ya hizo kulikuwa na bunduki ndefu ndani ya kabati la kioo. "Ya Wajapani," alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hakimtoki. "Ona, wameichorea ua. Nani anachora ua kwenye bunduki?" Niliikuza picha kwa vidole viwili. Ua lilikuwa zima, petali zake kumi na sita zimejipanga kama vipande vya chungwa, na chini yake alama tatu za maandishi yao, mbili za kwanza zikifanana kama mapacha. Nikamwambia, kabla sijafikiri, kwamba bunduki nyingine ua lake limesuguliwa kwa tupa mpaka likafutika. Akaniuliza nimejuaje. Nilisema nimeacha chakula jikoni, nikainuka. Jikoni hapakuwa na chakula.

Nilijua kwa sababu bunduki kama ile niliigusa kila Jumamosi nilipokuwa na miaka kumi. Tulikuwa tunaishi Kilburn, London, vyumba viwili juu ya duka la viatu. Baba alifanya kazi ghalani kule Hayes na Jumamosi hakuwa na mapumziko. Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, na siku hiyo, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia, alinichukua kwa mzee mmoja Mwingereza, mjane, tuliyemwita Mista Len. Nyumba yake ilinukia mkate uliounguzwa na mafuta aliyopaka mbao za bunduki yake. Mpaka leo nikipita mahali wanapotengeneza samani na harufu ile ikanipata, huwa nageuza uso, kana kwamba kuna mtu ananifahamu pale.

Bunduki ilining'inia kwa ndoano mbili juu ya hita ya gesi sebuleni. Mtutu wake ulikuwa umezibwa na haikuweza tena kufyatua kitu, lakini sijui kama nililielewa hilo wakati ule. Mista Len alinipandisha juu ya kigoda na kunifundisha. Hapa ni kilengeo, kina mabawa mawili madogo yanayokunjuliwa, ya kulengea ndege. Nami, niliyekua nikisikia ndege za uwanja wa Heathrow zikipita juu ya mapaa yetu mchana kutwa, nikadhani askari walikuwa wakitungua watu wanaokwenda likizo, nikamwonea huruma kila abiria. Huku mbele ni mguu wa waya wa kuisimamishia chini. Huku juu ni alama zao. Na juu ya alama palikuwa na sehemu bapa, inayong'aa kuliko chuma chote kilichobaki, yenye vijino vidogo vidogo pembeni ambavyo ungeviona tu ukiinamia. Nilipomuuliza ni nini, alisema ni uchakavu wa miaka. Nikakumbuka ngazi zetu zilivyolika katikati kwa viatu vya watu, nikaamua kwamba pale palilika kwa dole gumba lake. Kila Jumamosi nilipasugua kwa dole gumba langu, nisaidie.

Kisa chake kilikuwa kimoja, na sikukichoka. Burma, mvua inanyesha, yeye kijana wa miaka ishirini, na askari wa Kijapani anatokea kwenye matete umbali wa mikono miwili. "Alikuwa na bunduki hii," alisema, "na mimi nikaondoka nayo." Hakusema zaidi ya hapo. Alinipa biskuti, akaigeukia hita. Nilimpenda. Shuleni nilikuwa msichana ambaye mama yake anaongea Kiingereza kwa sauti ya juu na maneno yamepinduka. Kwenye kigoda kile nilikuwa mtu anayejua jambo ambalo wengine hawalijui. Tulipoanza kusoma habari za vita darasani, na mwalimu akauliza kama kuna anayemfahamu mtu aliyeviona kwa macho yake, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Nikamtaja Mista Len. Ikapangwa aje Jumatatu fulani, abebe bunduki yake, azungumze mbele ya darasa.

Nilikuwa na babu aliyepigana vita hivyohivyo, katika Burma hiyohiyo. Nilijua. Sikumtaja.

Wakati nauinua ule mkono darasani, babu yangu, mzaa mama, alikuwa amelala kitandani kwangu Kilburn. Alikuwa amekuja kutoka Tabora kutibiwa macho; yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na wazazi wangu walihangaika muda mrefu kumpatia nafasi. Alikuwa mrefu, amevaa koti la baba lililokuwa fupi mikononi na kofia ya sufu aliyoivaa hata ndani. Aliniita mke wangu, kama babu wanavyotania wajukuu. Nyumbani Tabora kila mtu angecheka. Lakini aliniita hivyo kwenye basi, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba, na aliwasalimia abiria wote mmoja mmoja, nao wakazama kwenye magazeti yao. "Mke wangu, mbona hawa hawaitikii? Wamefiwa?" Nilikuwa natazama dirishani na kujifanya siko naye.

Baada ya kula alinisimulia vita. Alikuwa askari, alisema. Walivuka mto risasi zikipiga maji kama mvua ya mawe. Ruba waliwaingia mpaka kwenye viatu. Alifyatua mpaka mtutu ukamchoma kiganja. Mama alikuwa akiosha vyombo na hakusema neno. Nilimsikiliza babu vizuri, na nilimwamini, lakini sikuona namna ya kumweka mbele ya darasa langu mtu ambaye angenisalimia mke wangu.

Jicho la kwanza lilipofanyiwa upasuaji na bandeji ikatolewa, babu alikuwa kama mtoto aliyepewa kitu kipya. "Kumbe zulia lenu lina maua! Kumbe huyu baba yako ana mvi!" Alitembea nyumba nzima akivitaja vitu. Jicho la pili lilipangiwa baada ya wiki tatu. Jumamosi iliyofuata mama akasema hawezi kumwacha peke yake, akatuchukua wote wawili. Ilikuwa imebaki siku mbili Mista Len aje shuleni kwetu.

Mama alimtambulisha, akamaliza shughuli zake za asubuhi na mzee, kisha akapanda juu kubadilisha mashuka. Tukabaki watatu. Babu alikuwa ameshaiona bunduki.

"Hii naijua," alisema.

Sikuhitaji kutafsiri. Mista Len aliona uso wake, akafurahi, akamwashiria aishushe. Babu aliishusha kwa mikono miwili, pole pole, kama mtu anayekumbuka uzito wake, akakaa na kuilaza juu ya magoti. Akaiinamishia jicho lake jipya mpaka pua ikakaribia chuma.

"Njoo, mke wangu, nikuonyeshe. Hizi alama mbili zinazofanana, hizi ni tisa na tisa. Ndiyo jina la bunduki. Hapa ubavuni namba yake, na mwisho wa namba kuna kialama cha kiwanda, kama muhuri. Hapa juu palikuwa na kifuniko cha bati cha kuzuia vumbi. Hakipo. Walikuwa wanakitupa wenyewe, kilikuwa kinapiga kelele wakitembea." Akaigeuza. "Na kitako hiki usidhani ni ubao mmoja. Ni mbao mbili zimeunganishwa. Ukikipiga shoka kinapasuka hapahapa kwenye kiungo, hakikusumbui."

Sikujiuliza ni askari gani anayepiga kitako cha bunduki kwa shoka. Nilikuwa na miaka kumi.

Dole gumba lake likafika pale palipong'aa. Likasimama. Akapapasa vile vijino vya pembeni, akacheka kidogo puani.

"Ua limesuguliwa."

"Ua gani, babu?"

"Hapa palikuwa na ua la mfalme wao. Bunduki zao zilikuwa mali ya mfalme, si za askari. Vita vilipokwisha wakaamriwa walete silaha zote, basi wakakaa chini na tupa, wakalisugua kwanza, ili mfalme wao asiaibike. Ndipo wakazileta. Zilikuwa chungu nzima, zimelundikwa kama kuni. Nilikuwepo." Akagonga sehemu ile kwa ukucha. "Iliyotwaliwa vitani ina ua lake. Aliyekufa hakupata muda wa kusugua. Mwambie mzee mwenzangu kwamba hii aliichukua kwenye chungu. Si vibaya. Wengi walichukua."

Alisema bila ubaya wowote. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi na sijapata kusikia ubaya ndani yake. Lakini wakati ule nilisikia kwamba babu yangu, aliyefika London juzi, anataka kuninyang'anya Mista Len. Nilidhani anaona wivu.

"Anasemaje?" Mista Len aliuliza.

"Anasema ni nzuri sana."

Mista Len akacheka. "Kwa maneno yote hayo? Muulize, naye alikuwa kule? Alikuwa anafanya nini?"

Nikawatazama wote wawili. Babu alikuwa akinitazama kwa jicho moja safi na moja lenye ukungu, akingoja jibu la mzee mwenzake. Nilifikiria Jumatatu. Niliona kwamba nikisema babu alikuwa askari, Mista Len angetaka kujua zaidi, na babu angerudia habari za ua, na kisa cha kwenye matete kingekwisha palepale sebuleni. Nilitafuta kitu kidogo, mtu ambaye katika vita hana la kusema kuhusu bunduki.

"He was a cook," nilisema.

Mista Len akapiga goti lake kwa furaha. Mpishi! Basi huyo ndiye mtu muhimu kuliko wote, alisema, bila yeye tungekufa sote. Na kwa kuwa alijua babu hajui Kiingereza, akashika mwiko usioonekana, akakoroga chungu kisichoonekana juu ya magoti yake, akaonja, akabusu ncha za vidole. Alifanya hivyo kwa upendo. Alikoroga tena na tena, akimtikisia babu kichwa, akimsubiri acheke.

Babu aliutazama ule mkono unaokoroga. Kisha akanitazama mimi. Sijaona uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile, ila mara moja hospitalini, mama mmoja alipopewa habari za mwanawe. Hakukasirika. Ulikuwa uso wa mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Akainuka, akairudisha bunduki kwenye ndoano zake, akaketi na kuweka mikono katikati ya mapaja, na hakugusa biskuti.

Kwenye basi hakumsalimia mtu. Mama alikuwa amekaa mbele yetu na mifuko. Babu akaniinamia.

"Mama yako amekwambia nini kuhusu mimi?"

"Hajaniambia kitu, babu."

"Usimfiche. Amekwambia nini?"

"Hakuna, babu. Kweli."

Akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama anayekubali kwamba mtoto amefundishwa la kusema. Nilidhani uzee umeanza kumchanganya.

Jumatatu Mista Len alikuja shuleni kwa teksi, bunduki imefungwa ndani ya blanketi, akasimulia kisa cha matete, darasa zima likapiga makofi. Mwalimu aliniita mbele nisimame pembeni yake. Niliposimama pale niliiona sehemu ile inayong'aa, karibu kabisa na uso wangu, na kwa mara ya kwanza nilijua ni nini. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Niliporudi nyumbani babu alikuwa amekwisha kumwambia mama kwamba anataka kurudi Tabora. Mama alidhani ni mzaha. Alimwomba, akampigia magoti, akamkumbusha jicho la pili, wiki tatu tu, baba, wiki tatu si kitu. Babu alisema, "Jicho moja linanitosha kwa niliyoyaona huku." Baba alijaribu naye akashindwa. Ndani ya siku chache alikuwa uwanja wa ndege na koti lile fupi. Nilimshika mkono nikasema shikamoo, akasema marahaba. Hakuniita mke wangu. Nilishukuru, kwa sababu kulikuwa na foleni ya watu.

Hakurudi tena. Mama alipopiga simu Tabora, babu alikuwa shamba, au amelala, au ametoka sasa hivi tu. Mara zote. Mama alingoja kwenye simu, akisikia watoto wa kaka yake wakikimbia uani, kisha angesema basi mwambieni nimempigia. Muda si mrefu baada ya babu kuondoka, aliacha kazi ya kwa Mista Len, akaenda kusafisha ofisi alfajiri, kazi nzito zaidi. Sikumwelewa. Nilimnunia wiki nzima kwa kunitenganisha na kigoda changu. Jicho la pili la babu lilizibika kabisa, baadaye na lile zuri likafuata kwa ugonjwa mwingine, na alipofariki mama alikwenda kuzika na kurudi amekonda.

Mimi niliolewa, nikazaa, nikapata kazi ya ukalimani mahospitalini. Watu hunisifu kwa uaminifu wangu. Daktari akisema jambo gumu nalisema jambo gumu, mgonjwa akitukana natukana. Sijawahi kupunguza neno. Wenzangu wanadhani ni mafunzo.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu Tabora. Mjomba, kaka yake mama, sasa ni mzee mwenyewe. Siku moja alinipa bahasha akasema ni vitu vya babu, mama yako hakuviulizia. Ndani mlikuwa na cheti chake cha kuachishwa jeshi, karatasi ngumu yenye mikunjo iliyochakaa, imeandikwa kwa Kiingereza. Jina. Kabila. Urefu. Alama mwilini. Na mbele ya neno la kazi aliyofanya, kwa mashine ya chapa, neno moja: Cook.

Nililisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini.

"Hukujua?" mjomba aliuliza. "Alituficha wote. Sisi tulikua na hadithi za mto na risasi. Bibi yako tu ndiye aliyejua, akamnong'oneza dada, mama yako, kwa kuwa dada ndiye aliyekuwa mkubwa. Basi mzee aliporudi kutoka kwenu alisema dada amemuuza. Amemwambia mtoto, na mtoto amemwambia Mzungu, na Mzungu amemcheka mbele yake kwa kukoroga sufuria. Akaapa hatasema naye tena. Nasi tukaona, kwa kweli dada amekosea."

"Mjomba," nilisema, "mama hakuniambia."

"Nani alikwambia?"

Niliikunja ile karatasi kwenye mikunjo yake. Niliwaza shoka na kitako kinachopasuka kwenye kiungo, na chungu za bunduki zilizolundikwa kama kuni, na mpishi kijana aliyetumwa kuzipasua mbao zake apikie. Yote aliyoniambia siku ile kuhusu bunduki yalikuwa kweli. Katika London nzima hapakuwa na mtu aliyeijua bunduki ile kuliko yeye, na nilikuwa nimeokota uongo gizani nikampiga nao palepale alipokuwa na kidonda.

Nilirudi na bahasha na nikakaa nayo miezi. Binti yangu aliponionyesha picha yake, nilitoka jikoni, nikachukua bahasha, nikaenda Kilburn. Mama anaishi bado kwenye vyumba vilevile. Nilimsimulia yote kwa Kiswahili, tangu kigoda mpaka basi, sikuruka kitu, kama niko kazini. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Nilipofika kwenye lile neno alifumba macho.

Kisha akasema, "Sikumwambia mtu. Hata baba yako. Mama yangu alinikabidhi nikiwa msichana, nikaificha siri ile mpaka leo."

"Najua, mama."

"Unajua mimi nilidhani nini? Asubuhi ile, kabla sijapanda juu, nilikuwa nimepiga magoti namvisha yule mzee soksi. Baba akawa amesimama mlangoni ananitazama. Nikadhani ni hilo. Nikadhani amemwona binti yake aliyempeleka shule amepiga magoti kwenye miguu ya Mzungu, na hawezi kunisamehe. Ndiyo maana niliiacha ile kazi. Kwenye simu niliwaambia wale watoto wamwambie, shangazi yenu haifanyi tena ile kazi. Kila nilipopiga."

Nilitaka kumshika. Aliinua kiganja, si kwa hasira, nikabaki nilipokuwa. Akaichukua ile karatasi, akalisoma jina la baba yake kwa kidole, akaniomba nimwache peke yake kidogo.

Nilisimama nje ya mlango, koti mkononi. Ndani akaanza kuzungumza, kwanza chini chini, kisha kwa sauti, kama mtu anayejieleza kwa mwenzake aliyekaa mbele yake na anayemkatiza. Alikuwa anaongea Kinyamwezi. Hajawahi kunifundisha lugha ile, nami sikuwahi kuiomba. Niliegemea ukuta nikasikiliza mpaka alipomaliza, na sikuelewa hata neno moja.